Kabila la 44 na vitabu vyake vilivyohama

Katika mashairi ya zamani ninayoyajua yaliyotungwa na Mwasia kwenye ardhi ya Kenya, kuna moja la simba. Tarehe yake ni 29 Januari 1899. Mtunzi ni Roshan, fundi kutoka wilaya ya Jhelum, Punjab, mmoja wa maelfu walioletwa kujenga reli. Anasimulia safari ya baharini, kisha simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakiwavuta watu kutoka kwenye mahema usiku, na jinsi John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja, alivyowaua. Mwishoni anataja kijiji chake, halafu anasema yeye sasa amebaki Afrika akitangatanga na huzuni yake.

Roshan alitunga kwa Kihindustani. Sisi tunamsoma kwa Kiingereza kwa sababu Patterson aliitia tafsiri ya shairi hilo nyuma ya kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo, cha mwaka 1907. Na simba je? Ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, mwaka 1924. Ziko huko hadi leo, zimejazwa na kusimamishwa kama hai. Kwa hivyo ukitaka kuwaona simba wa Tsavo unapanda ndege, na ukitaka kumsoma Roshan unapitia kwa bosi wake.

Yaliyolipata shairi hilo yameipata karibu fasihi nzima ya Waasia wa Afrika Mashariki. Inahusu hapa, lakini kuifikia lazima uzunguke. Riwaya zinazosimulia Nakuru, Kampala na Dar es Salaam zinachapishwa Toronto, London na New York, na huko zinapangwa kwenye rafu ya waandishi wa Asia na wa ughaibuni. Siwalaumu wanaopanga rafu. Lakini ukifuatilia historia utaona kwamba waliowapeleka waandishi hawa kwenye rafu hiyo ni maafisa wa uhamiaji, na kazi hiyo waliianza miaka ya 1960, hapa hapa kwetu.

Hebu tuanze na hesabu, maana kuna story moja tumeizoea mno. Tunaambiwa Wahindi wa Kenya ni wajukuu wa reli. Ni kweli nusu. Kati ya 1896 na 1901, karibu vibarua 32,000 wa mkataba waliletwa kutoka India ya Waingereza. Takriban 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na wapatao 6,700 tu ndio waliobaki. Wengi tunaowaita Wahindi, bila kutofautisha Mgujarati, Mgoa, Kalasinga wala Mwismaili, walikuja kwa nauli zao wenyewe baada ya reli kufungua bara. Na kabla ya wote hao, wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat walikuwa tayari Unguja, Lamu na Mombasa, wakija kwa majahazi na pepo za kaskazi.

Hawa watu waliandika. Waliandika Kigujarati, Kipunjabi, Kiurdu, Kikonkani. Makhan Singh, yule mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi aliyesimama Kaloleni mwezi Aprili 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki sasa hivi, akafungiwa kizuizini kuanzia mwaka huo hadi 1961, alikuwa pia mshairi wa Kipunjabi. Wangapi kati yetu tuliosoma jina lake kwenye vitabu vya historia tuliambiwa hivyo? Mimi sikuambiwa. Mashairi yake hayakuvuka kaunta.

Maneno ndiyo yaliyovuka. Bima, laki, gari, chapati: yote yana asili ya Kihindi. Gunia pia, ambalo ni ndugu wa lile neno la Kiingereza "gunny". Kwa hivyo riwaya maarufu kuliko zote za Waasia wa huku, The Gunny Sack, ina neno letu kwenye jalada lake. Tutaifikia.

Kilichonishangaza zaidi nilipoanza kufuatilia historia hii ni kwamba kuna wakati fasihi hii ilikuwa nyumbani kabisa. Mwaka 1961, Rajat Neogy, kijana aliyezaliwa Kampala, alianzisha jarida la Transition mjini humo. Hakulifanya jarida la Wahindi. Waafrika, Waasia na Wazungu waligombana humo kwa maandishi, na baadhi ya makala yake bado yanasomwa vyuoni. Mwaka 1967 jarida lilichapisha makala ya Paul Theroux kuhusu jinsi Waasia wanavyochukiwa Afrika Mashariki, mada ambayo watu walikuwa wakiizungumza chini kwa chini.

Oktoba 1968 serikali ya Obote ilimkamata Neogy pamoja na Abu Mayanja, mbunge aliyekuwa ameandika humo kuikosoa katiba. Neogy aliachiliwa mwaka uliofuata, lakini Kampala haikuwa yake tena. Alilihamishia jarida Accra mwaka 1971, baadaye Wole Soyinka akawa mhariri, na Neogy mwenyewe alifariki San Francisco mwaka 1995.

Wakati huo huo, Nairobi ilikuwa ikichapisha. East African Literature Bureau ilitoa riwaya ya Bahadur Tejani, Day After Tomorrow, mwaka 1971, kuhusu kijana wa Kihindi anayempenda na kumwoa mwanamke Mganda. Mwaka huo huo David Cook na David Rubadiri walitoa diwani ya Poems from East Africa, na ndani yake kuna shairi la Jagjit Singh ambalo kichwa chake peke yake kinatosha kuanzisha mjadala: Portrait of an Asian as an East African. Jamaa anajichora kama Mwafrika Mashariki, na unahisi kabisa hajui kama picha itakubaliwa.

Mwaka 1972 Bureau hiyo hiyo ikatoa In a Brown Mantle ya Peter Nazareth, Mgoa aliyezaliwa Kampala. Nchi yake ya kubuni inaitwa Damibia. Msimulizi ni mwanasiasa Mgoa aliyeshindwa kuwa safi. Pembeni yake kuna mwanaharakati anayemkumbusha msomaji Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Riwaya hiyo iliona mbele kwamba Waasia watafukuzwa. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza: siku 90. Mwaka uliofuata Nazareth mwenyewe alikuwa Marekani, na ndiko alikofundisha maisha yake yote ya kazi.

Soma tena tarehe hizo. Mwaka 1971 na 1972, vitabu vya Waasia kuhusu Afrika Mashariki vilikuwa vikichapishwa Nairobi, kwa msomaji wa Nairobi. Miaka michache baadaye, waandishi wao walikuwa wametawanyika. Hapo katikati palitokea nini?

Ilitokea pasipoti. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Mwasia aliyezaliwa hapa alikuwa raia moja kwa moja ikiwa mzazi wake mmoja pia alizaliwa hapa. Wengine walipewa miaka miwili ya kuomba. Wengi waliogopa, wengi walisubiri, wengi walibaki na pasipoti za Uingereza wakidhani ni akiba. Sensa ya 1962 ilihesabu zaidi ya Waasia 170,000 Kenya. Mwaka 1967 zikaja sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, na asiye raia akajikuta anahitaji kibali cha kufanya kazi katika mji aliozaliwa. Watu wakaanza kupanga foleni za ndege kwenda London.

Uingereza nayo ikashtuka. Kwa siku chache tu mwishoni mwa Februari 1968 bunge lake likapitisha sheria, na kuanzia Machi mwenye pasipoti ya Uingereza hakuweza kuingia kwa uhuru kama hakuwa na mzazi au babu aliyezaliwa kule. Yaani pasipoti ni ya Uingereza, lakini mlango wa Uingereza haufunguki kwayo. Tanzania, mwaka 1971, ilitaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na waliopoteza wengi walikuwa Waasia. Kisha Uganda, 1972. Zaidi ya watu 27,000 kutoka Uganda walipokelewa Uingereza, na maelfu wengine wakaenda Canada.

Kila mwandishi wa kizazi hicho alikuwa ndani ya hesabu hizo, au alikuwa na mzazi ndani yake. Vitabu vikafuata watu.

M.G. Vassanji ndiye mfano mkubwa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akaenda Marekani kusomea fizikia, na mwaka 1978 akahamia Canada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na mkewe, Nurjehan Aziz, walianzisha jarida Toronto, na kutokana nalo ikazaliwa nyumba ya uchapishaji iitwayo TSAR. Leo nyumba hiyo inaitwa Mawenzi House. Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, kwenye kampuni ya vitabu ya Toronto. Mimi kila nikiliona jina hilo kwenye mgongo wa kitabu nasimama kidogo.

The Gunny Sack ilitoka mwaka 1989, Heinemann wakaiweka kwenye mfululizo wao wa waandishi wa Afrika, ule ule wa Achebe na Ngũgĩ. Salim Juma yuko Amerika Kaskazini na gunia alilorithi, na kila kitu anachokitoa humo kina hadithi. Anarudi nyuma hadi kwa Dhanji Govindji, baba wa babu yake, aliyetoka India akashuka Unguja. Huyo Dhanji anapewa mtumwa, Bibi Taratibu, anazaa naye mtoto wa kiume, Huseni. Kisha anatafutiwa mke wa "heshima" na Bibi Taratibu anawekwa kando. Huseni anapopotea, baba anatumia hata pesa za jamaa kumtafuta, na inamgharimu maisha.

Unaona alichokifanya Vassanji? Familia ya Kihindi inayojivunia usafi wa ukoo inafungua gunia, na chini kabisa inamkuta bibi Mwafrika ambaye hakuna aliyetaka kumtaja. Hakuandika hivyo kutufurahisha sisi. Aliandika kuhusu jamii yake, na jamii hiyo haikupenda kila ilichokisoma.

Miaka mitano baadaye The Book of Secrets ilishinda tuzo ya kwanza kabisa ya Giller, Canada. Mwaka 2003 The In-Between World of Vikram Lall ikashinda Giller tena, na Vassanji akawa wa kwanza kuipata mara mbili. Hii ya pili ndiyo ningependa kila Mkenya aisome. Inaanzia Nakuru wakati wa Mau Mau, na watoto wanaocheza pamoja: Vikram na dadake Deepa, rafiki yao Njoroge, na watoto wa Kizungu. Deepa na Njoroge wanakuja kupendana, na nyumba ya Lall, ambayo haina tatizo lolote na Njoroge kama mgeni, haiwezi kumkubali kama mkwe. Vikram anakuwa mtu wa kupitisha pesa za wakubwa katika serikali ya Kenyatta, na anatusimulia akiwa Canada, ametajwa kati ya mafisadi wakubwa wa nchi. Hajifanyi malaika. Lakini anakulazimisha uulize pesa zile alikuwa akizipitisha kutoka kwa nani kwenda kwa nani, na kwa nini jina la mpitishaji ndilo linalokumbukwa haraka.

Upande wa ushairi, kizazi kilichofuata kina Shailja Patel. Yeye alizaliwa na kukulia Kenya. Mamake alimwekea sanduku la sari 18 za kuolewa nazo. Binti akazigeuza kuwa onyesho la jukwaani, kisha kitabu, Migritude, kilichotolewa na Kaya Press ya Marekani mwaka 2010. Kaya ni wachapishaji wa fasihi ya Asia na ughaibuni wake, kwa hivyo kwa rafu, huyu ni mwandishi wa Asia. Kwa yaliyomo, ni Mkenya hadi kwenye mfupa. Anaanza na ambi, lile pambo la umbo la embe lililofumwa kwenye vitambaa vya Kihindi, ambalo Waingereza walilinakili na kuliita Paisley, jina la mji wa Scotland. Kutoka hapo anafika kwa Amin, kwa ukatili wa Waingereza Kenya, na kwa wanawake wa Kimaasai na Kisamburu walioshtaki kubakwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakifanya mazoezi huku. Anafunga hayo yote kwenye kitambaa kimoja, na hakuombi ruhusa.

Sasa kuna wimbi jipya, na ndilo linalonifanya niandike haya. Mwaka 2021 riwaya mbili zilitoka London karibu pamoja: We Are All Birds of Uganda ya Hafsa Zayyan na Kololo Hill ya Neema Shah, zote zikirudi Kampala ya 1972. Mwaka 2023 Janika Oza, Mkanada, akatoa A History of Burning, inayoanza mwaka 1898 na mvulana wa Gujarat anayechukuliwa kujenga reli, halafu inapita Uganda hadi Toronto. Hiyo ni reli ile ile ya Roshan. Ni vijana, wengi wao wa rika letu, na wanaandika kuhusu miji yetu kwa kumbukumbu za wazazi na mabibi zao.

Na hapo ndipo nina neno nao. Kumbukumbu ya kurithi hukumbuka barabara, harufu ya chai, rangi ya geti. Mpishi humkumbuka kwa jina moja. Katika riwaya nyingi za 1972 ninazozisoma, Mwafrika anaingia akiwa mfanyakazi wa nyumbani, halafu askari mwenye bunduki, na katikati hapo hana mama, hana shamba, hana maoni kuhusu mshahara wake. Waandishi bora wa wimbi hili wanalijua tatizo hilo na wanapambana nalo. Lakini ukiandikia London, msomaji wa London hatakuuliza yule mpishi alikuwa wa wapi. Msomaji wa Kampala angeuliza ukurasa wa tatu.

Hii ndiyo hasara ya vitabu kuhama, na ni ya pande mbili. Mwandishi amekosa msomaji wa kumbishia. Sisi nasi tumebaki na Mhindi wa vichekesho: yule wa lafudhi ya kuigizwa, bosi wa godauni, mtu wa "fanya hii haraka". Jiulize ni mara ngapi katika hadithi zetu wenyewe Mhindi amewahi kutoka nyuma ya kaunta akaenda nyumbani, akagombana na babake, akaogopa kitu. Wao wanatuona jikoni, sisi tunawaona dukani. Na malalamiko mengine ni ya haki kabisa, pande zote: mishahara duni, ndoa zilizokataliwa, majina ya matusi. Fasihi haifuti hayo. Ila bila kusomana, kila upande unabaki na hukumu bila ushahidi.

Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kuna waliofurahi, kuna waliocheka, kuna waliouliza kama ni kura za Agosti zinatafutwa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi kidogo ya 47,000 kati yao walio raia. Namba 44 ni kitu, siidharau. Kuna watu waliosubiri karatasi kama hiyo tangu 1963. Lakini kabila kwetu ni zaidi ya namba. Ni kujua hadithi zao kiasi cha kuweza kuwatania bila kuwatusi, na wao vivyo hivyo.

Na usidhani lazima iwe kwa Kiingereza. Farouk Topan, mzaliwa wa Unguja mwenye asili ya Kihindi, aliandika tamthilia zake kwa Kiswahili: Mfalme Juha mwaka 1971 na Aliyeonja Pepo mwaka 1973. Ni yeye pia aliyeanzisha masomo ya fasihi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968. Wapo waliosoma Aliyeonja Pepo bila kujua, wala kujali, asili ya mtunzi. Aliandika kama mtu wa hapa kwa sababu lugha ilikuwa yake, na hakuna afisa wa uhamiaji aliyeombwa muhuri.

Kwa hivyo kama unauliza uanzie wapi: mtu wa Nakuru aanze na Vikram Lall. Mtu wa Pwani au wa Dar aanze na gunia. Ukipenda mashairi, na hasa ukipenda kuyasikia yakisemwa, tafuta Migritude. Ukitaka kuona Nairobi ilivyokuwa ikichapisha kabla waandishi wake hawajatawanyika, ulizia Tejani na Nazareth kwenye maktaba za vyuo, mahali pale pa vitabu vya zamani ambapo vumbi ni la bure. Na ukimpata Topan kwa bei ya barabarani, mnunue, umsome kwa sauti na rafiki. Ni tamthilia, bana. Inataka watu wawili.